Altrasaundi si ya mimba tu: mguu mmoja ukivimba, nao upimwe

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kwenye vimbweta kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo. Testi zilifuatana kama mabehewa ya treni, bumu nalo likachelewa, si mnajua tena maisha yetu. Ila leo nina jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitapasuka. Jambo lenyewe ni hili: tumeifanya altrasaundi kuwa kipimo cha wajawazito tu, na fikra hiyo ipo siku itamuua mtu hapa hapa chuoni.

Kabla sijaenda mbali niseme kwamba mimi si daktari. Nasomea ualimu, fizikia na hesabu, na wengi mnanijua. Kwa hiyo nikigusa mambo ya tiba nayagusa kama mwanafunzi aliyesoma na kuwasumbua kwa maswali washkaji zake wa udaktari. Mwenye shida aende hospitali, asiende kwangu.

Fanya jaribio dogo leo jioni. Waulize watu kumi hapo hosteli, altrasaundi ni ya nini? Naweka dau la chipsi yai kwamba tisa watakwambia ni ya kuangalia mtoto tumboni. Wa kumi atakwambia ni ya kujua kama ni wa kiume au wa kike. Na siwalaumu. Kwenye filamu ndo tunaona hivyo, mama kalala, baba kamshika mkono, wanaangalia kioo wanalia. Hata mabango ya kliniki za mtaani, ukiona neno altrasaundi, pembeni kuna picha ya mama mwenye tumbo kubwa. Sasa binti wa mwaka wa pili akionekana kwenye benchi nje ya chumba hicho, mji mzima unajua. Kwani ya nani? Ina miezi mingapi? Ataitoa au atazaa? Na kijana wa kiume ndo kabisa, hata haimwingii akilini kwamba kipimo hicho kinaweza kumhusu.

Cha kuchekesha ni kwamba mashine hii haikuanzia kwa wajawazito. Ilianzia viwandani, ikitumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1955 profesa mmoja wa ukunga wa Glasgow, Ian Donald, alibeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake akaupeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, Scotland, walikokuwa wakitengeneza boila. Akaupima kwa mashine yao ya kukagulia vyuma, na kwa kulinganisha akapima pia pande la nyama ya ng'ombe. Mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha makala yao kwenye jarida la The Lancet, na makala ile ilihusu uvimbe wa tumboni. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyedhaniwa ana kansa ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha ni uvimbe wenye maji kwenye ovari, akafanyiwa upasuaji. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa hiki kilikuwa kipimo cha kumulika kitu kilichojificha mwilini, na mtoto ni mmojawapo tu wa vitu hivyo.

Basi, leo nataka tuongelee kitu kingine kinachojificha, nacho ni damu kuganda ndani ya vena za mguu.

Mnakumbuka baiolojia ya sekondari. Ateri inapeleka damu kutoka kwenye moyo, vena inairudisha. Damu ya mguuni ina kazi ngumu, maana inapanda juu kutoka chini, na kinachoisukuma zaidi ni misuli ya ndama pale unapotembea. Ukikaa muda mrefu bila kujongea, damu inatembea polepole. Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow, tangu mwaka 1856, aliandika jinsi bonge la damu linavyoweza kuziba mshipa na kusafiri hadi kwenye mapafu, na mpaka leo madaktari wanafundishwa sababu tatu kwa jina lake: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Bonge likijijenga kwenye vena kubwa ya goti au paja, mguu unavimba, unauma, unakuwa wa moto. Likimeguka, linapanda na damu, linapita kwenye moyo, linaenda kuziba mshipa wa pafu. Hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na nyumbani watasema alikuwa mzima kabisa, alianguka ghafla.

Nani yuko hatarini? Wazee, ndio, na wagonjwa wa kansa, na waliotoka kufanyiwa upasuaji. Lakini angalieni orodha hii mniambie kama haituhusu. Mjamzito, na aliyejifungua ndani ya wiki sita. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Aliyefungwa hogo mguuni baada ya kuvunjika kwenye mechi ya vitivo. Mwenye sikoseli. Mwenye kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Aliyelazwa na UVIKO-19, kama dunia ilivyojifunza mwaka 2020. Na aliyesafiri muda mrefu akiwa amekaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 ikisema safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari dogo, inaongeza hatari hii karibu mara mbili. Hatari yenyewe ni ndogo, walikadiria kama mtu mmoja kati ya 6,000, kwa hiyo msije mkaogopa kupanda basi kwenda kwenu. Ila hatari ndogo ndogo zikikutana kwa mtu mmoja, hesabu inabadilika.

Na zilikutana kwa mwenzetu mmoja wa bloku yetu. Kanipa ruhusa niandike, jina nabaki nalo.

Alitoka kwao kufungua muhula, basi zaidi ya saa 20, kiti cha dirishani, hakushuka sana kwa sababu hakutaka kutafuta choo kila kituo. Wiki moja baadaye mguu wa kushoto ukaanza kuuma nyuma, chini ya goti. Ijumaa akaenda zahanati. Akaambiwa umepiga msuli mno, umekaa sana kwenye kiti, nyama imekaza, akapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemuuliza umesafiri lini. Hakuna aliyemuuliza unatumia dawa gani, na dada wa watu alikuwa anatumia vidonge vya homoni alivyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya hedhi. Jumatatu mguu wote umevimba, ngozi inang'aa. Akaenda hospitali nyingine, daktari akamwandikia altrasaundi ya mguu. Akafika kwenye benchi, akaambiwa leo ni siku ya wajawazito, miguu ni Alhamisi, mtaalamu wake anakuja Alhamisi. Na kwenye benchi hilo hilo wakamwona mabinti wawili wa bloku yetu.

Jioni hiyo habari ilishafika ghorofa ya tatu. Mtu mmoja akamuuliza kwa sauti pale bombani, "Shoga, hongera, tunatarajia lini?" Akacheka kidogo akapita. Ile karatasi ya kipimo akaikunja akaiweka katikati ya daftari, akaamua haendi tena. Shangazi yake kwa simu akamwambia umekanyaga kitu kibaya huko chuoni, mwanangu, rudi nyumbani tukakutengeneze. Mwingine akaleta mafuta ya kuchulia. Bahati njema mguu ulikuwa unauma kiasi kwamba hakutaka mtu auguse, maana madaktari wanaonya sana kuhusu kuchua mguu unaodhaniwa una bonge, linaweza kumeguka.

Usiku wa Jumatano akaanza kuhema kwa shida, kifua kinachoma akivuta pumzi. Tukamkimbiza na bajaji. Alikutwa na bonge kuanzia nyuma ya goti mpaka pajani, na jingine lilishafika kwenye pafu. Alichomwa heparini, akahamishiwa vidonge vya kuzuia damu kuganda, na leo yuko hai, anatembea, anakula ugali wake. Muhula aliuahirisha. Mguu bado unavimba jioni, na daktari alishamwambia inaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu.

Kati ya Jumatatu na Jumatano kulikuwa na nini? Kulikuwa na mashine inayofanya kazi, umeme upo, na kipimo ambacho kwa mtu aliyefundishwa kinachukua dakika chache. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, mguu huu nao ni wa leo.

Hebu niwaeleze kipimo chenyewe, maana mimi kama mtu wa fizikia kilinifurahisha sana. Ndani ya kile kidude wanachokipitisha kwenye ngozi, kinachoitwa probu, kuna vipande vinavyotetemeka vikipewa umeme. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa zinatoa umeme, na baadaye ikathibitika kwamba ukizipa umeme zinajinyoosha na kujikunja. Mtetemo huo unatoa sauti. Sikio letu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lakini kwa mishipa ya mguu mashine inatumia kama milioni 5 mpaka 10. Sauti inasafiri kwenye nyama kwa mita kama 1,540 kwa sekunde, inagonga ukuta wa mshipa, inarudi, na mashine inahesabu muda wa kurudi kama mtu anayepiga kelele mbele ya jabali akasubiri mwangwi. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Jeli wanayokupaka ni kwa sababu hewa iliyopo kati ya probu na ngozi ingezuia sauti isiingie.

Sasa kinachofanyika mguuni. Unalala chali, goti umelikunja kidogo kwenda nje. Probu inawekwa kwenye kinena. Kwenye kioo unaona miduara miwili myeusi, mmoja ateri, mmoja vena. Mpimaji anabonyeza. Basi, anabonyeza tu! Vena nzima ina ukuta laini na presha ndogo, ikibonyezwa inajifunga kabisa, kuta zinagusana kama mtu aliyefumba mdomo. Ateri inabaki duara inadunda. Vena yenye bonge inakataa kufumba. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukanyaga ukiwa mtupu unalala bapa, ukiukanyaga umejaa udongo unabaki vile vile. Kisha anahamia nyuma ya goti anarudia. Wala hahitaji kuliona bonge lenyewe, maana bonge jipya mara nyingi ni jeusi kwenye kioo sawa na damu ya kawaida. Kubonyeza ndiko kunakosema ukweli.

Zamani kipimo kilichoaminika kilikuwa kuchoma dawa ya rangi kwenye vena ya unyayo kisha kupiga eksirei za mguu mzima. Kiliuma, kina mionzi, na si kila hospitali iliweza. Mwaka 1989 Anthonie Lensing na wenzake walichapisha utafiti kwenye The New England Journal of Medicine. Walichukua watu 220 waliodhaniwa wana damu iliyoganda mguuni, wakawafanyia vipimo vyote viwili. Watu 66 walikuwa na bonge kwenye vena kubwa za goti au paja, na kubonyeza kwa altrasaundi kuliwakamata wote 66. Watu 143 hawakuwa na kitu, na 142 kati yao altrasaundi ilisema hawana kitu. Waliobaki 11 walikuwa na mabonge madogo ya ndama peke yake, na hapo altrasaundi ilikosa wengi wao. Nitarudi kwenye hilo.

Mimi namba iliyonishika pale ni ile 143. Yaani kati ya watu 220 ambao madaktari waliwashuku, karibu wawili kati ya kila watatu hawakuwa na ugonjwa. Ina maana kwa macho na vidole peke yake huwezi kujua. Kuna alama ya zamani waliyofundishwa madaktari, unakunja kanyagio kuelekea juu, mgonjwa akilalamika ndama inauma unasema ni damu imeganda. Leo wanafundishwa wasiitegemee. Kwa hiyo daktari anayekwambia "huu ni msuli" bila kupima anabahatisha, na anayekuanzishia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu bila kupima naye anabahatisha, na dawa hizo zinaweza kukufanya utoke damu vibaya. Kipimo kinawalinda wote wawili, mwenye bonge na asiye nalo.

Sasa najua mtaniambia nini, kwa sababu nilishabishana na mshkaji wangu wa mwaka wa nne udaktari mpaka chai ikapoa. Aliniambia, "Wewe unaongea tu. Mashine ni moja, mpimaji ni mmoja, nje kuna akina mama arobaini wenye matumbo, kuna mmoja anatoka damu. Kila anayeumwa mguu akiletwa hapo tutamaliza lini?" Hoja yake ni ya kweli na siipuuzi. Mama anayetoka damu apite kwanza, hakuna anayebisha.

Lakini majibu yapo, na si ya kutunga. La kwanza, si kila mguu unahitaji altrasaundi. Mwaka 1997 Philip Wells na wenzake wa Canada walichapisha njia ya kuhesabu alama. Umefungwa hogo hivi karibuni? Alama moja. Umelala kitandani au umefanyiwa upasuaji mkubwa? Moja. Una kansa? Moja. Mguu mzima umevimba? Moja. Ndama imezidi nyingine kwa zaidi ya sentimita 3, ukipima sentimita 10 chini ya kile kifupa cha chini ya goti? Moja. Na kadhalika. Kama kuna maelezo mengine yanayofaa vile vile, unapunguza mbili. Mwenye alama chache anapimwa damu, kipimo kinaitwa D-dima, na ikiwa safi anaweza kurudi nyumbani bila altrasaundi. Futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia! Zahanati gani inakosa futi?

La pili, huhitaji saa nzima. Mwaka 2008 Enrico Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 2,098. Kundi moja lilibonyezwa sehemu mbili tu, kinena na nyuma ya goti, likapimwa na D-dima, na waliohitajika wakarudi kupimwa tena baada ya wiki moja. Kundi jingine lilipimwa mguu mzima kwa mashine ya rangi. Walioambiwa wako salama wakafuatiliwa miezi mitatu. Waliokuja kupata bonge walikuwa asilimia 0.9 kwa kundi la kwanza na 1.2 kwa la pili, yaani hakuna tofauti ya maana. Kwa hiyo daktari wa kawaida wa zamu, akifundishwa vizuri akasimamiwa, anaweza kubonyeza sehemu mbili bila kumsubiri mtaalamu wa Alhamisi. Siku hizi kuna hadi probu zinazochomekwa kwenye simu.

La tatu, kama foleni imeshindikana kabisa, mgonjwa asiachwe hivi hivi. Mwongozo wa Uingereza unasema anayeshukiwa sana apimwe ndani ya saa 4, na isipowezekana aanzishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda akisubiri, kisha apimwe ndani ya saa 24. Sisi si Uingereza, nakubali. Ila kati ya saa 24 na "njoo Alhamisi" kuna mahali pa kukutana.

Nisije nikaonekana nimeifanya altrasaundi kuwa mganga wa kila kitu. Nimesema mabonge ya ndama yanaipita. Ndiyo maana kama umepimwa ukaonekana safi lakini dalili zako ni za kutia shaka, unaambiwa urudi baada ya wiki moja, maana bonge la ndama linaweza kupanda. Usipuuze tarehe hiyo eti kwa sababu una testi. Na jingine, mguu safi hauna maana pafu safi. Mnamkumbuka Serena Williams. Alishapata bonge kwenye mapafu mwaka 2011. Mwaka 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi zikambana, akamwambia muuguzi nahitaji siti skani na heparini. Wakadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Wakampima miguu kwa altrasaundi, hawakuona kitu. Walipompeleka kwenye siti skani wakakuta mabonge madogo kadhaa kwenye mapafu. Alisimulia mwenyewe kwenye jarida la Vogue mwaka 2018. Kama bingwa wa dunia ilibidi abishane, wewe na mimi wenye kitambulisho cha mwanafunzi tutabishana na nani? Kwa hiyo ukiwa na pumzi za shida, kifua kuchoma au kukohoa damu, hiyo ni dharura, huko hukai kwenye benchi la altrasaundi.

Na mtaniuliza, je miguu yote miwili ikivimba? Hapo mara nyingi wanaangalia moyo, figo, ini na mengine. Na matende je? Hayo huwa yanakuja polepole, hayavimbishi mguu ndani ya siku tatu. Ninaoupigia kelele mimi ni mguu mmoja, ghafla, hasa kwa mtu aliyesafiri, aliyefungwa hogo, aliyejifungua, au anayetumia homoni. Kwa wajawazito mara nyingi unakuwa wa kushoto, kwa sababu kule kiunoni ateri inapita juu ya vena ya upande huo na kuibana.

Sasa ninachotaka ni nini? Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi mnaopita humu, mna kikao na uongozi kila muhula. Badala ya kuongelea king'amuzi cha kantini peke yake, ombeni mambo matatu. Zahanati iwe na futi na ile karatasi ya alama, na kila mwenye mguu mmoja uliovimba aulizwe safari, dawa, hogo na uzazi kabla hajapewa kidonge cha maumivu. Pili, zahanati ikimpa mtu rufaa ya kupima mshipa wa mguu, iandike kwamba ni ya siku hiyo hiyo, na mtu apige simu kule anakopelekwa kuhakikisha yupo wa kumpima. Tatu, kile kibao cha mlangoni chenye picha ya mama mjamzito kibadilishwe. Kiandikwe chumba cha vipimo, kwisha habari. Karatasi moja na gundi, bajeti haihitajiki.

Na sisi wenyewe tuna la kufanya, tena letu ndo rahisi kuliko yote. Tufunge midomo. Ukimwona mwenzako kwenye lile benchi, mpe maji, msalimie, pita. Anaweza kuwa na mawe kwenye figo, anaweza kuwa na uvimbe kwenye shingo, anaweza kuwa na damu iliyoganda pajani. Na hata kama ni mimba, inakuhusu nini wewe? Mwenzetu hakuikunja ile karatasi kwa kukosa hela wala kwa ujinga. Aliikunja kwa sababu ya maneno yetu ya pale bombani.

Ukiandikiwa kipimo hiki, uliza kwa jina lake ili usipotezwe: altrasaundi ya mishipa ya mguu. Hospitali nyingi wanaita Doppler ya mguu. Vaa kitu kinachopanda mpaka kwenye paja bila shida, dera au kaptura pana. Na kama unaona haya kwenda peke yako, nitafute, nitakusindikiza. Nimeshamwambia hivyo kila mtu wa bloku yetu, sasa nawaambia na nyie.

Haya wadau, mimi naishia hapa. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi na nina ripoti ya maabara sijaigusa. Walio udaktari na radiolojia, mkiona nimepindisha mahali nirekebisheni bila kuogopa, nitashukuru. Wale wa basi la saa 20 mnaoondoka likizo, shukeni mnyooshe miguu kila kituo, mnywe maji, na choo kipo tu, msikiogope. Tuko pamoja.